Aliyetazama Kodi ya Halldor

Solbjørg Tangvik hajawahi kushindwa mjadala. Sisemi hivyo kwa kumsifu. Tumesoma darasa moja, tumekua pamoja, na mimi ndiye msimamizi wa kundi la mtandaoni la kisiwa chetu, Ubao wa Ternvær, kwa hiyo kila neno alilowahi kuandika mle limepita mbele ya macho yangu, na mengine nimeyafuta kwa kidole changu mwenyewe. Kundi lile lilianzishwa ili watu watangaze paka waliopotea na viazi vya kuuza. Siku hizi ni bunge. Kodi ya majengo, magari ya umeme, simu shuleni, roboti wa kujibu simu za halmashauri, yote yanajadiliwa humo, na spika wa bunge hilo, bila kuchaguliwa na mtu, ni Solbjørg.

Kazi yake ni kuendesha mtambo wa halmashauri wa kukwangua theluji. Ukimwona ameegesha pale kwenye njia panda ya kanisa, taa za manjano zinazunguka na theluji imejaa barabarani, usidhani mtambo umeharibika. Anamjibu mtu. Akimaliza kumjibu anaweka simu kifuani, anashusha koleo la mtambo, anaendelea. Mimi nimeshamwambia mara nyingi, shoga, watu wanachelewa kazini kwa sababu ya vidole vyako. Ananijibu kwamba demokrasia nayo ni barabara, lazima mtu aikwangue. Ndivyo alivyo. Ukimpa neno moja anakurudishia matatu, na la tatu huwa ndilo linalouma.

Mpinzani wake mkubwa alikuwa mzee Halldor Rismo. Mzee huyu alikuwa na karakana ya injini za boti kule bandarini kwa miaka mingi, mpaka ikafungwa, na tangu afiwe na mkewe alikuwa akiishi peke yake kwenye nyumba ya juu ya kilima. Sote tulijua ni mtu mwenye nacho. Alikuwa na karakana, alikuwa ameajiri watu, anatembea amenyooka, koti lake la kanisani halina hata uzi uliolegea. Mtandaoni aliandika kwa jina lake kamili na kwa sentensi zilizokamilika, na kila mwisho aliweka "Wasalaam, Halldor Rismo", kana kwamba anaandikia gazeti.

Mwaka jana mjadala ulikuwa mmoja tu. Kampuni fulani kutoka kusini ilitaka kuweka kompyuta zake, maelfu kwa maelfu, kwenye jengo la zamani la kukaushia samaki. Halldor aliunga mkono. Solbjørg alipinga. Basi ikawa burudani ya kisiwa kizima.

"Mzee Halldor," Solbjørg aliandika, "mitambo hiyo itakula umeme kuliko sisi sote tukijumlishwa, na serikali imeipunguzia kodi ya umeme ambayo mimi nailipa yote. Niambie mjinga ni nani hapa."

"Binti yangu," akajibu Halldor, "mjinga ni anayeona joto la bure likitoka dirishani akasema afadhali tugande. Joto la mitambo hiyo lingepasha bwawa la kuogelea la shule. Wasalaam, Halldor Rismo."

"Bwawa limefungwa, mzee. Halmashauri haina hela."

"Ndicho ninachokisema tangu asubuhi. Wasalaam, Halldor Rismo."

Watu walicheka, wakaweka vikatuni vya kucheka, na nadhani wao wenyewe wawili walikuwa wanacheka, kila mmoja kwake. Na kila Jumamosi mchana Halldor alishuka kilima kwenda kwa Ansgar, baba yake Solbjørg, kula uji wa mchele. Ansgar alikuwa fundi wake mkuu pale karakana tangu ujana. Wote wajane, wote wamekula chumvi nyingi, ni chanda na pete. Solbjørg ndiye aliyepika, ule uji mzito wa maziwa unaosimamisha kijiko, na siagi inayeyuka katikati ya sahani. Alikuwa akimpakulia mtu aliyekuwa akimshambulia asubuhi ile ile. Hawakuyagusa ya mtandaoni mezani. Mezani waliongelea hali ya hewa, injini na nani amefariki.

Sasa madiwani walikuwa karibu kupiga kura, na joto likapanda. Siku moja Halldor aliandika kwamba yeye amelipa kodi kisiwani hapa tangu Solbjørg hajazaliwa, kwa hiyo ana haki ya kuuliza kodi ya kesho itatoka wapi. Maneno hayo yalipendwa na watu wengi kuliko chochote Solbjørg alichowahi kuandika. Hata mume wake aliyapenda. Solbjørg alikasirika mpaka masikio yakawa mekundu. Najua, kwa sababu alikuja saluni kwangu kunywa kahawa akiwa na masikio hayo.

Kesho yake alikwenda kwa baba yake kumwagizia dawa za moyo. Ansgar hajui hata kuwasha simu aliyopewa na binti yake. Huwa anampa kile kidude cha benki kinachotoa namba za kuingilia, anakaa pembeni anasikiliza redio, na Solbjørg anaingia kwenye tovuti za serikali kwa jina la baba yake. Ni kosa kisheria, kila mtu anajua, na kila mtu mwenye mzazi mzee hapa anafanya hivyo hivyo. Ukishaingia mlango mmoja wa serikali, milango mingine yote iko wazi. Dawa zikaagizwa. Na Solbjørg, mikono bado iko kwenye vibonye, akakumbuka kwamba kodi za mwaka zilikuwa zimetolewa hadharani wiki ile.

Kwetu kodi ya mtu si siri. Kipato chako, mali yako, ulicholipa, vyote vinawekwa wazi, na jirani yako akitaka anatazama. Ila naye anaonekana. Ukiingia kwenye ukurasa wako unakuta jina la kila aliyekutafuta. Ndiyo maana hatutazamani. Si kwamba hatutamani, tunatamani sana, lakini tunaona haya kujulikana. Solbjørg naye alikuwa akitamani tangu jana yake. Na siku ile aliyekuwa ameingia si Solbjørg, ni Ansgar Tangvik, mzee wa watu, rafiki wa Halldor. Alijiambia kwamba Halldor hatatazama, na hata akitazama, akiona jina la Ansgar atajali nini.

Akaandika jina. Kipato: pensheni ya chini kabisa. Mali: sifuri. Kodi: sifuri.

Alicheka kwa sauti. Aliniambia mwenyewe baadaye, na alipofika hapo alijifunika uso. Baba yake akapunguza redio akamuuliza anacheka nini.

"Mambo ya mtandaoni tu, baba."

"Halldor amekuchapa tena?"

"Leo hapana."

Jioni ile akabandika kwenye Ubao: "Mlipa kodi wetu mkuu, mzee Halldor, mwaka jana alilipa sifuri. Nimeambiwa na mtu aliyeona. Sifuri, jamani. Kabla hajatufundisha kodi, achangie kwanza hata balbu moja ya barabarani."

Mimi nilikuwa na kichwa cha mteja kimejaa rangi. Mpaka nioshe mikono, nikaushe, nifungue simu, nifute, watu walikuwa wameshayapiga picha maneno yale, yanatembea nyumba hadi nyumba. Mtu mmoja alikuwa ameandika "Mzee Sifuri", na wenzake wamefuata na vicheko. Nilimpigia Solbjørg pale pale.

"Umefanya nini wewe?"

"Nimesema ukweli."

"Sikukuuliza kama ni ukweli."

"Kodi ni ya wazi, Gunnvor. Sheria inaruhusu kutazama."

"Inaruhusu kutazama. Haijakutuma upige mbiu. Na aliyekwambia nani?"

Akasema, "Mtu," akakata simu. Nilijua kuna kitu. Solbjørg hakati simu, husubiri ukate wewe ili neno la mwisho liwe lake.

Jumamosi Halldor hakushuka kilima. Solbjørg alisema amenuna, itamwisha. Ansgar alisubiri mpaka uji ukaganda, akala nusu. Jumamosi iliyofuata akaweka tena sahani mbili, akaketi upande wake wa meza akitazama dirishani. Nikamwambia Solbjørg, baba yako ampigie simu. Akasema baba hawezi, sisi hatufanyi hivyo, mtu asipokuja ana sababu zake, ukimuuliza unamwingilia. Ni kweli, ndivyo tulivyo. Watu wa kisiwa hiki wanaweza kukaa miaka bila kusemeshana kwa sababu kila mmoja anaheshimu faragha ya mwenzake.

Wiki ile Halldor alikuja saluni kunyolewa. Akasema nimpunguze pembeni tu. Nikakata, nikakata, mwishowe nikashindwa kuvumilia.

"Yale maneno niliyafuta, mzee."

"Najua. Ulifanya vizuri."

"Solbjørg alivuka mpaka."

"Simlaumu sana," akasema. "Yule tangu mtoto anauma. Napenda kubishana naye, halafu nalala vizuri."

"Basi mbona Jumamosi huendi kwa Ansgar?"

Alinitazama kwenye kioo. Nilidhani ataniambia niendelee na kazi yangu. Badala yake akasema kwa sauti ya chini kwamba aliingia kuangalia nani alimtafuta. Alitarajia kukuta jina la Solbjørg, na angelikuta angecheka, angemwandikia kitu cha kumkomesha. Jina lilikuwa moja. Ansgar Tangvik, na mwaka wake wa kuzaliwa.

"Angeniuliza tu," alisema. "Tumekaa meza moja maisha yetu yote. Ningemwambia. Hapana, nasema uongo, nisingemwambia. Yeye ndiye niliyemficha kuliko wote."

"Umfiche nini?"

"Kwamba sina kitu, Gunnvor. Ile karakana haikuwahi kulipa vizuri. Nilikuwa najilipa makombo ili mafundi wapate mishahara kamili, na ukijilipa makombo, uzeeni pensheni inakuwa makombo. Mwishoni niliweka hata nyumba rehani, sasa ni ya benki, mimi napanga tu. Ansgar angejua, asingekula kwa raha. Ni mtu wa namna hiyo. Au nilidhani ni mtu wa namna hiyo. Kumbe alitazama, akaona, akampa binti yake achekeshe watu."

Mkasi wangu ulisimama. Ansgar, mtu anayemwita jirani amwashie televisheni, eti aliingia mtandaoni kutafuta kodi ya mtu. Nilielewa pale pale. Ulimi ulikuwa umeshafika kwenye meno, nikaurudisha, kwa sababu kusema hilo ilikuwa ni juu ya mtu mwingine, na nilitaka mtu huyo aseme kwa kinywa chake. Nikamaliza kumnyoa. Nikakataa hela yake, naye akaiweka juu ya meza kwa nguvu, akaondoka. Nikajilaani, maana sasa hata ukarimu wangu ulikuwa umemtukana.

Nilimkuta Solbjørg kwenye karakana ya halmashauri anafunga minyororo kwenye magurudumu ya mtambo. Sikumsalimia.

"Uliingia kwa jina la baba yako."

Hakuinuka. "Nani kasema?"

"Halldor ameliona. Anadhani ni Ansgar aliyemchungulia, Ansgar aliyemtangaza. Ndiyo maana haji. Baba yako anaweka sahani mbili kila wiki kwa ajili ya kitu ulichokifanya wewe."

Alikaa juu ya gurudumu. Uso ulikuwa umemwisha rangi yote. Nikamweleza na yale mengine, ya makombo na mishahara, kwamba ile sifuri aliyoicheka ndiyo iliyomlisha yeye akiwa mtoto. Sikumhurumia hata kidogo.

"Nenda kilimani sasa hivi," nikamwambia. "Umwambie ni wewe."

"Nitakwenda."

Hakwenda. Mnajua alichofanya? Aliandika mtandaoni. Ukurasa mzima wa kuomba radhi, kwamba mjadala wa sera usigeuke kuwa mjadala wa watu, kwamba uwazi wa kodi una faida zake lakini una wajibu wake, kwamba lugha yake haikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri sana. Watu waliisifu, kisha wakaanza kubishana kama kodi za watu zibaki wazi au zifichwe, na mpaka chakula cha jioni walikuwa wamefika kwenye sera za nchi jirani. Juu ya kidude cha baba yake, neno hata moja. Nilisoma nikatupa simu kwenye kochi.

Aliniambia kwamba alipanda kilima kweli, zaidi ya mara moja, akiwa na mtambo. Alikwangua ile njia ya Halldor mpaka lami ikaonekana, wakati kuna watu huko chini hawawezi kutoka nje. Akifika mlangoni kwake anageuza. Aliona taa ya jikoni, akaona kivuli cha mzee, akageuza. Mwanamke anayeweza kumwita mbunge mjinga mbele ya watu wote hakuweza kugonga mlango.

Halafu Ansgar akachoka kusubiri. Jumamosi nyingine, uji uko mezani, akamwambia binti yake, "Huko mnakoandikiana, Halldor bado yupo?"

"Yupo, baba."

"Mwandikie, kwa maneno yangu. Mwambie uji upo na kiti chake kipo. Mimi simu siiwezi, na mguu huu haupandi tena kilima."

Solbjørg akaandika, kwa sababu angekataa kwa sababu gani. Niliyaona yakitokea: "Maneno ya baba yangu, Ansgar. Halldor, uji upo na kiti chako kipo." Watu walianza kuweka mioyo. Wakasubiri. Mimi nilisubiri na mteja wangu akasubiri. Kisha Halldor akajibu, na kwa mara ya kwanza hakuweka wasalaam mwishoni.

"Ungeniuliza tu, Ansgar. Hukuwa na haja ya kutafuta jina langu."

Jikoni, Ansgar akauliza amejibu nini. Solbjørg akamsomea. Kudanganya kulikuwa rahisi, angeweza kusema Halldor ana mafua, na aliniambia kwamba aliifikiria hiyo ya mafua. Lakini akamsomea.

"Nimtafute wapi?" akauliza mzee. "Najua anakaa wapi."

Ndipo Solbjørg akasema. Alisema yote amesimama kando ya jiko, mwiko uko mkononi: dawa za moyo, kidude, kodi, kile kicheko, na ile redio iliyopunguzwa. Ansgar hakumkatiza. Alipofika kwenye sifuri, mzee akainua mkono.

"Sifuri?"

"Sifuri, baba. Alikuwa hajilipi. Gunnvor anasema alikuwa anawalipa ninyi."

Ansgar aliitazama mikono yake, ile iliyopokea mshahara kila mwezi bila kuchelewa hata mwezi mmoja. Alisema, "Nilimwomba nyongeza. Mwaka ule tulipojenga nyumba hii. Akanipa siku hiyo hiyo." Solbjørg akawa analia bila sauti, akingojea tusi, akilitamani tusi.

"Andika," akasema baba yake.

"Nimwandikie ni mimi?"

"Andika: Nilikosea, Halldor. Nilitazama nisichopaswa, na nikakisema. Njoo ule."

"Baba, siwezi kuandika hivyo. Si wewe."

"Jina langu ulilichukua bila ruhusa," akasema Ansgar. "Leo nakupa kwa ruhusa. Andika."

Alibisha. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alibisha ili ashindwe, atangazwe kuwa na kosa, na baba yake hakumpa nafasi hiyo. Ansgar alimwambia, Halldor mimi atanisamehe, tumesameheana makubwa kuliko haya. Wewe hatakusamehe haraka, na watu wa hapa hawatakusamehe kabisa, na utaishi nao nikishaondoka. Mimi sina siku nyingi za kusemwa. Solbjørg akasema basi nitakwenda kumwambia mwenyewe, sasa hivi. Mzee akasema, "Ulikuwa na wiki zote hizo za kwenda. Sasa nina njaa ya kumwona rafiki yangu."

Akaandika. Nilikuwa na simu mkononi yalipotokea, na nilijua ni uongo, na ningeweza kuyafuta. Sikuyafuta. Ndani ya saa moja Ubao wote ulikuwa umemgeukia Ansgar. Kumbe ni yeye. Rafiki gani huyo. Uzee bila haya. Watu aliowatengenezea injini bure waliandika hivyo. Na Solbjørg, aliyekuwa na jibu kwa kila mtu, alisoma moja moja mpaka la mwisho, vidole viko juu ya kioo, na hakuna alichoweza kumjibu mtu hata mmoja, kwa sababu jibu la kweli lilikuwa limekatazwa na baba yake.

Jumamosi iliyofuata alinialika. Alisema hawezi kukaa nao peke yake. Nilikwenda, moyo mzito, nikakaa pembeni ya dirisha. Halldor alifika akakung'uta theluji mlangoni, akavua kofia.

"Uji upo?"

"Upo," akasema Ansgar.

Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao ya kupatana. Halldor akakaa kwenye kiti chake. Ansgar akamsogezea mdalasini. Wakaanza na hali ya hewa, wakaenda kwenye injini. Ila nilimwona Ansgar akimtazama mwenzake kila alipoinamia sahani, akilitazama lile koti lisilo na uzi uliolegea, na mara moja akasogeza kwake bakuli la nyama kavu lote, kimya kimya, akajidai hajali nyama. Madiwani walikuwa wameshapiga kura, kompyuta zimekataliwa, Solbjørg ameshinda tena. Hakuna aliyelitaja hilo.

Solbjørg alikuwa amesimama jikoni na sufuria, ametugeuzia mgongo. Mabega yalikuwa yanamcheza. Halldor akamwona.

"Njoo ukae, binti yangu," akasema. "Usimkasirikie baba yako."

Hakugeuka.

"Najua unaona aibu kwa ajili yake, na huko mtandaoni wanamchuna ngozi. Wewe waache. Mtu akikosea na akasema kwa kinywa chake kwamba ni yeye aliyekosea, kwangu imekwisha. Wengi hawawezi, Solbjørg. Baba yako ameweza."

Solbjørg akageuka. Uso wote ulikuwa umelowa, na nilimwona akifungua mdomo. Nilishika ukingo wa kiti. Sema, nikamwambia moyoni, sema sasa, mwanamke. Halldor alikuwa anamngojea, amemtabasamia, mkono umevuta kiti cha pembeni yake.

Ansgar hakuinua macho kutoka kwenye sahani yake.

"Kaa, Solbjørg," akasema. "Uji unapoa."

Akakaa kwenye kiti alichovutiwa. Halldor akakata siagi, akamwekea yeye kwanza.